Mgeni Aliyetaka Mtoto wa Mti

Fungeni mlango kwanza, ndipo hadithi iingie. Umefungwa? Haya.

Palikuwa na mkulima, Kupaza, ambaye akitoka shambani huchonga miiko na vinyago vidogo, kujifurahisha tu. Siku moja akaja mwanamke asiye na kivuli, kashika kipande cha mti. "Shemeji, nichongee mtoto kama huyo wako."

Kupaza akachonga mdomo, na mwanawe Hoza, aliyekuwa akilia, kimya! Akachonga mikono, Hoza akaachia ziwa la mamaye aliyempakata. Akachonga miguu, Hoza akaacha kurusha mateke.

"Baba Hoza, acha hicho kitu!" mkewe akasema.

"Mama Hoza nawe! Unakionea wivu kijiti?"

"Bado macho, shemeji," mgeni akasema, akimeza mate.

Macho! Mama akamtazama mwanawe, akajichekesha, akachukua kinyago na majani ya msasa, yale ya kulainishia mti. "Dada, utambebaje ana makwaruzo hivi? Ngoja nimsugue."

Akamgeuzia mgeni mgongo, akasugua mdomo wa kinyago mpaka ukafutika. Hoza akaguna.

"Bado?"

"Bado, dada."

Akasugua mikono. Hoza akakunja kidole.

"Bado?"

"Bado, dada."

Akasugua miguu. "Tayari!" Akampa kijiti kitupu, laini kama yai.

Kumbe mgeni ni zimwi! Likapiga yowe, lakini Hoza akalia kulizidi, likakimbilia msituni. Hoza akalia mpaka jua likazama, wala hakuna aliyembembeleza anyamaze. Baba na mama wakakaa wakimsikiliza, na hadithi yangu ikaketi papo hapo nao.