Ulimi wa Mwanakheri

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao!

Palikuwa na kisima kimoja, wakulima upande huu, wafugaji upande ule, na lugha zao hazikuelewana hata kwa salamu. Mkalimani wao alikuwa Mwanakheri, aliyependa kukaa nao akiwasikiliza. Wafugaji walimletea maziwa, wakulima ndizi. Mdogo wake, Sikudhani, roho ilimchoma kama pilipili. "Kwani ana nini yeye? Ulimi tu!"

Akaenda pangoni kwa zimwi. "Nataka ulimi wa dada."

"Ulimi tu?"

"Ulimi tu."

"Hutaki kingine?"

"Ulimi tu!"

Likauliza mara ya tatu. Akapiga mguu chini: "Ulimi tu, kwani we kiziwi?"

Zimwi likacheka, likampa.

Kulipokucha Mwanakheri alikuwa bubu, na Sikudhani yuko kisimani anamwaga lugha zote mbili. Mzee wa wafugaji akafurahi, akamtemea mate kiganjani. Baraka hiyo, wenzangu! Kwao ndivyo mtoto anavyobarikiwa. Sikudhani akaruka: "Mshenzi we!" Tena kwa lugha ya mzee mwenyewe, bila kukosea hata herufi.

Fimbo juu, majembe juu! Mwanakheri akapita katikati, akamkingia mzee viganja vyake viwili. Mzee akatema. Fimbo zikashuka.

Sikudhani mbio hadi pangoni. "Umenipa ulimi mbovu!"

"Mzima huo," likasema zimwi. "Masikio yake ndiyo hukuyaomba."

Aliporudi nyumbani, alikuta maziwa mlangoni. Ya bubu.