Nungunungu Mlangoni pa Mfiwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna uji wa moto mdomoni? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia watu. Anayeijua hadithi hii kuliko mimi asimame aisimulie yeye. Hakuna? Nilijua. Kaeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanahaniana, palikuwa na Punda Milia. Alikuwa na mume, alikuwa na mtoto. Mtoto mchanga, miguu bado inatetemeka. Mto ukafurika, ukamchukua mume. Chubwi! Hakuonekana tena.

Punda Milia akalia. Alilia, nyie! Alilia mpaka nyani wakashuka mitini. Akagaagaa, vumbi likapanda. Akalia mpaka kilio chenyewe kikaisha. Akabaki anahema, hee, hee, mwili mzito kama nguo iliyoloa. Akajilaza katika nyumba yake ya nyasi. Kope zikaanza kushuka.

Hapo akaingia jirani yake Kanga, yule ndege wa madoadoa.

"Shoga, amka! Swala wanakuja kuhani."

Desturi yao ilikuwa hivi: mgeni aje akilia, mfiwa ainuke alie naye, kisha aeleze ilivyokuwa. Punda Milia akainuka. Akalia. Akaeleza: "Mto ulijaa, akasema anavuka..." Swala wakaondoka. Akajilaza.

"Shoga, amka! Ngiri na watoto wake."

Akainuka. Akalia. Akaeleza. Akajilaza.

"Shoga, amka! Twiga huyo, anainama mlangoni."

Akainuka. Sauti imekauka, machozi hayatoki. Wageni wakaanza kunong'ona, sss, sss, sss. "Macho makavu hayo! Alimpenda kweli?"

Mtoto akaja kunyonya. Akavuta. Akavuta tena. Hakuna kitu, maziwa yamekatika. "Mama, njaa." Akajikunja miguuni pa mama yake, hana hata nguvu za kulia.

"Kanga," akasema Punda Milia, "niache nilale. Kidogo tu. Mtoto wangu atakufa."

"Utalalaje na Nyumbu yuko njiani? Watu watasema nini, shoga?"

Nungunungu alikuwa pembeni. Misibani yeye hukaa pembeni siku zote, maana nani atamkumbatia? Mwiba kichwani, mwiba mgongoni, mwiba mpaka kwenye salamu zake. Na maneno ya pole hayajui. Lakini alimwona yule mtoto. Akainuka, chakara, chakara, akaenda kujilaza mlangoni, akaujaza wote.

"Lala, bibi," akasema.

"Na wageni?"

"Watanikuta mimi kwanza."

Kanga akaja juu. "We mwana we! Unamzuia mfiwa asilie?"

"Kilio anacho. Usingizi hana. Nani kati yenu amemletea usingizi?"

Mara vumbi hilo! Nyumbu anakuja mbio, rafiki wa marehemu, fundi wa kulia misibani. Macho kafumba, mdomo kaupanua: "Uwiii! Uwiii!" Chozi hata moja hana. Akafika mlangoni, akajirusha amkumbatie mfiwa.

Paa!

Akamkumbatia Nungunungu.

Msicheke, watoto. Haya, chekeni kidogo.

"Mamaaa!" Miiba puani, miiba kifuani. Nyumbu akaanguka chini, na sasa machozi yakaja, ya kweli, yanachuruzika. Akalilia pua. Akalilia kifua. Halafu, bila mtu kumwambia, akamlilia rafiki yake. "Tulikuwa tunakula majani pamoja! Sasa nitakula na nani?" Kumbe alikuwa nayo ndani. Akalia wee, mpaka akanyamaza mwenyewe. Akalala palepale juani. Krooo, krooo.

Kanga akamkimbilia. "Mzee, amka! Hujampa mfiwa pole!"

"Niache, Kanga."

"Lakini desturi..."

"Leo nimelia, Kanga. Sikujua kama kulia kunachosha namna hii." Akageukia upande wa pili.

Kanga akasimama. Akamtazama Nyumbu. Akachungulia ndani, akamwona Punda Milia, kichwa chini, usingizi umemchukua. Akafunga mdomo. Kanga kufunga mdomo, nyie! Habari hiyo hamtaipata kwa mwingine ila kwangu. Akaenda njiani, na kila aliyekuja akamwonyesha kwa bawa: kaa, nyamaza. Wakakaa. Wengine wakasinzia hapohapo. Kumbe wote walikuwa wamechoka.

Jua likazunguka. Punda Milia akaamka. Hakuna aliyemwuliza ilikuwaje. Kanga akamsogezea maji, akamsogezea majani mabichi. Akanywa, glu, glu. Akala. Akamlamba mtoto, akamsukuma kwa pua: haya, jaribu. Mtoto akavuta. Hakuna. Akavuta tena. Yakashuka, polepole, yakashuka. Nywu, nywu, nywu, kamkia kanacheza.

Mama akatokwa na machozi kidogo, ya kwake mwenyewe. Hakuna aliyemwitikia kwa kilio. Akapiga mwayo, akafumba macho akiwa amesimama, mtoto bado ananyonya.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Aliyelia mpaka akaisha, usimdai kilio kingine. Mpe maji, kaa karibu, mwache alale. Anayelala baada ya kulia hajasahau. Anajipatia nguvu za kuishi.

Hadithi yangu imeishia hapo, nayo inajinyoosha ilale. Atakayeiamsha kabla ya asubuhi, ataisimulia mwenyewe.