Kidari cha Namsifu

Hapo zamani, na msianze kuwaza zamani ya mababu, hii ni zamani ya juzi ya watu wenye simu, palikuwa na chuo kikuu kimoja juu ya kilima, na chuoni alikuwepo msichana asiyeona aitwaye Namsifu. Kicheko chake kilisikika mabweni mawili. Alisoma historia, na mtihani mmoja tu ulimtenganisha na shahada. Aliyeukosa mtihani huo aliungoja mwaka mzima, yaani mwaka mwingine wa mama yake kulima tangawizi peke yake huko Upareni. Namsifu hakutaka hata kusikia habari hiyo.

Watu watatu walimshika mkono.

Wa kwanza Lugendo, mwanafunzi mwenzake. Ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu ilimpanga amsomee, maana vitabu vingi havikuwa na nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa kidole. Basi mwaka wa kwanza akasoma, wa pili akasoma, wa tatu akasoma. Anajirekodi kwenye simu, Namsifu anasikiliza. Akichoka anapiga miayo humohumo, akikereka anasema, "Hapa mwandishi anatuzungusha, vumilia." Namsifu aliwajua mpaka majirani wa Lugendo kwa jinsi walivyosikika humo wakigombania ndoo.

Wa pili Nesi Bupe wa zahanati ya chuo. Siku kumi na mbili kabla ya mtihani, Namsifu aligeuza chapati kwa mkono, akaungua kidole cha shahada, kidole anachosomea. Akalia sana. Nesi Bupe akamwambia, "Nyamaza, mdogo wangu. Kuanzia leo hufui, huoshi vyombo. Kidole hiki ni changu mpaka siku ya mtihani." Asubuhi akamfunga dawa, jioni akamfunga dawa. Likizo yake ikafika, hakusafiri. Asubuhi akamfunga, jioni akamfunga, mpaka ngozi ikarudi.

Wa tatu Mzee Ndimbo, mtaalamu wa nukta nundu wa ofisi ileile. Yeye ndiye aliyeandaa mitihani ya wasioona.

Siku ikafika. Saa tatu asubuhi Namsifu akapewa karatasi, akaipapasa. Hakuna kitu. Akapapasa tena. Laini, kama nguo iliyopigwa pasi. Akadhani kidole kimekufa. Akakipitisha kwenye pindo la sketi, akahisi kila uzi. Kumbe kidole kizima, karatasi ndiyo mgonjwa. Nukta zilikuwa zimelala.

Akanyoosha mkono. Msimamizi akamsikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Binti, kukusomea kwa sauti kunahitaji kibali cha mkuu wa mitihani, naye amesafiri. Na asiyeanza ndani ya nusu saa anahesabiwa hakuja."

Akaitwa Mzee Ndimbo. Akaja na karatasi tupu, akafika anahema. Mashine ya kuchapia haikuwa na msaada, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Akakaa nyuma ya chumba, akatoa kibao chake cha chuma chenye vijidirisha na kile kimsumari cha kutobolea. Akawa anaitazama ile karatasi iliyolala na kuinakili kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, maana nukta hutokeza upande wa pili, tak, tak, tak. Saa tatu na dakika ishirini na tano, ukurasa wa kwanza ukawa mkononi mwa Namsifu. Akaanza kujibu. Mzee akatoboa wa pili, akatoboa wa tatu, mpaka kidole gumba kikavimba.

Namsifu akafaulu, tena vizuri.

Mama yake akachinja mbuzi, akawaita wote watatu Upareni. Sasa katika ukoo ule, siku ya furaha kidari, ile nyama ya kifua, hupewa mtu mmoja, kizima, mbele ya watu wote. Ukikikata vipande umewatukana wageni. Mama akamwekea Namsifu sahani mikononi. "Mpe aliyekufikisha. Mimi nilikuwa shambani, simjui."

Lugendo akawahi. "Kidole kizima, karatasi safi, kichwani hamna kitu, angejibu nini? Miaka mitatu nimesoma mimi."

"Ulijisomea mwenyewe," akasema Nesi Bupe. "Muhula wa kwanza kabisa, hujaanza kumsomea, ulikuwa na sapu tatu za kurudia mitihani. Tangu uanze kumsomea, huna hata moja. Mimi nimepata nini?"

"Dada, kufunga vidonda ni kazi yako."

"Na likizo yangu nayo ilikuwa kazi?"

Watu wakacheka. Mzee Ndimbo hakucheka. "Bila mimi siku ile, mwaka ulikuwa umepotea," akasema. Kisha akashusha pumzi. "Lakini sitaki kula nyama ya uongo. Niliogopa mtihani usije ukavuja, nikaificha ile karatasi wiki nzima chini kabisa ya kabati, juu yake marobota ya vijitabu vya kujibia, yakazilaza nukta. Asubuhi nikaitazama, nikaona iko sawa. Mimi huzisoma nukta kwa macho, mwanangu. Macho yaliziona bado, sikukumbuka kupapasa."

"Kumbe ni wewe, mzee wangu," akasema Namsifu. Akataka kukasirika, ikashindikana. Mtu mwingine angenyamaza, na nani angejua? Akaivuta sahani karibu. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomuuma. Akimpa Lugendo, anampa aliyefaidika naye. Akimpa nesi, anampa ambaye watu watasema alikuwa kazini. Akimpa mzee, anamzawadia aliyeuzima moto aliouwasha mwenyewe.

Mama akamgusa bega. "Mwanangu, mafuta yanaganda."

Namsifu akainuka, sahani mikononi, akageuka kuelekea walipokaa. Basi nanyi mnaosikiliza, msinitazame mimi, mimi sikualikwa. Semeni wenyewe: kati ya aliyemjaza kichwa, aliyemponya kidole, na aliyekosa akatengeneza kisha akakiri, nani alistahili kidari?