Kikohozi cha Bi Mize

Hapo zamani, na mnisikie vizuri, nimesema zamani, sikusema samani wala sikusema thamani, maana maneno haya matatu yaliutia mji wa Kitopeni kwenye kasheshe ambayo mpaka leo haijamalizwa. Mwenye masikio ayatege. Mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Kazija. Alikuwa mjane, hana mtoto, na alikaa chumba cha uani kwa kaka yake Makame. Chumba chenyewe kilikuwa na paa la makuti yaliyochoka na mlango usio na komeo. Kuku waliingia, mvua iliingia, wifi yake aliingia, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Kazija alipika vitumbua vya kuuza. Kila alfajiri aliketi juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, krr, krr, krr, huku akijisemea, "Ipo siku na mimi nitakuwa na mlango. Niufunge mwenyewe, niufungue mwenyewe." Hakutaka zaidi ya hapo.

Siku moja mbiu ikalia, na la mgambo likilia kuna jambo. Liwali wa mji alikuwa amejenga baraza mpya, na alitaka kuipamba kwa kitu kimoja cha kale, kilicho bora kuliko vyote mjini. Kwa hiyo akamwita mthamini, bingwa wa kutambua vitu vya kale, jina lake Maalim Shekue. Na mwenye kitu kitakachoshinda atapewa nyumba ya mawe, kisima kimo ndani, na mlango wake ni wa msaji wenye komeo la shaba.

Habari ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa mpiga mbiu, Mzee Faki. Ulimi wake Mzee Faki tangu utoto haukukubali kugusa meno. Kwake yeye thelathini ilikuwa selasini, na thamani ilikuwa samani. Akapita mitaa yote akipiga kelele, "Kila mwenye kitu cha samani, akilete kwa Liwali!"

Basi watu wakaleta samani. Wallahi, asubuhi ile mji ulihama! Vitanda, makabati, viti, meza, mpaka milango iliyong'olewa ikiwa na bawaba zake. Bwana mmoja alileta kitanda na mama mkwe wake akiwa juu yake, kwa sababu mama mkwe alikuwa na maradhi ya kiuno na alisema hashuki, si kwa Liwali wala kwa nani. Wale wachache walioelewa mbiu wakajikuta nyuma ya makabati na mabakuli yao ya kauri na makufuli ya babu zao. Foleni ikatoka kwa Liwali, ikapita sokoni, ikazunguka msikiti.

Lakini msiwacheke. Mtu huishi na kitu miaka arobaini bila kukitazama. Akisikia tu kwamba mgeni anakuja kukitazama, anakipangusa vumbi, anaanza kukihadithia, na kila akikihadithia kinaongezeka umri. Bakuli lililotoka nyumbani lina miaka hamsini lilifika sokoni lina mia mbili.

Makame naye alikuwa na kitu chake, upanga. "Huu," alikuwa akisema kwa kila aliyesimama karibu, "ni upanga wa babu yetu aliyetoka Shirazi." Alipoiona foleni, akamwita dada yake. "Kazija, njoo unishikie nafasi. Siwezi kusimama juani kama mwizi."

"Kaka, nina nazi kumi na mbili za kukuna. Kesho kuna harusi kwa jirani."

"Si uje nazo? Nazi zina miguu ya kukimbia?"

Kazija akabeba kikapu cha nazi, akabeba na mbuzi yake, akaenda kukaa kwenye foleni. Akawa anakuna, krr, foleni inasogea, anainuka, anasogeza mbuzi, anakaa, krr, krr. Mpaka jua la mtikati likamkuta mbele ya mthamini, aliyeketi barazani pamoja na Liwali, na Makame akatokea kutoka kwenye kivuli, amejifunga kilemba.

Maalim Shekue alikuwa mzee mwembamba mwenye jicho moja zima. Akaupokea upanga. Akaugeuza hivi, akaugeuza vile.

"Umesema wa Shirazi?"

"Wa Shirazi, Maalim. Una miaka mia tatu."

Nyuma yao, kwenye foleni, mhunzi wa mjini akachungulia. "Eti nini? Makame, huo si upanga niliomfulia marehemu baba yako alipotaka kufyekea majani? Tazama hapo chini ya mpini, nimeandika jina langu!"

Watu walicheka mpaka mama mkwe wa watu akakaa mwenyewe kitandani. Makame akautia upanga kwapani na kutazama ardhi. Aibu ya mtu mzima, jamaa, haina pa kujificha.

Hapo Maalim Shekue akasikia krr, krr. Akageuza lile jicho lake. "Na huyu mama amekalia nini?"

Kazija akadhani amemzibia njia. "Nisamehe, Maalim, naondoka."

"Usiondoke. Inuka tu."

Akainuka, nusu ya nazi mkononi. Mzee akaichukua ile mbuzi, akaipindua, akaigonga kwa kucha, akainusa, na mbele ya watu wote akailamba. Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Jicho lake lilikuwa limejaa machozi.

"Miaka thelathini nazunguka," akasema. "Nilikuwa nasikia tu kwamba zipo. Huu ni mpingo wa gogo moja. Kichwa, mgongo, miguu minne, hakuna kiungo hata kimoja. Na kuchonga ni nusu tu ya kazi. Mnaona hapa pa kukalia panavyong'aa? Hakuna fundi wala mafuta yanayoweza kung'arisha mpingo namna hii. Hapa pameng'arishwa na makalio ya wanawake wa nyumba moja, bibi kwa mjukuu, kwa miaka mia moja. Bwana Liwali, kitu chako ndicho hiki."

Kazija akaibana ile nusu ya nazi kifuani. Aliona mlango wa msaji. Aliona mkono wake mwenyewe juu ya komeo la shaba, na kuku wamebaki nje.

Ndipo Makame akasema, "Alhamdulillahi. Mbuzi hiyo ni yangu."

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma kidogo. Mbuzi ile ilikuwa ya bibi yao, Bi Mize, aliyewalea wote wawili. Siku ya kufa kwake ilikuwa masika. Mvua ilinyesha tangu usiku, na mbuzi wa Bi Mize, yule mnyama, aliingizwa jikoni asilowe. Kazija alikuwa amempakata bibi kichwa, Makame yuko miguuni, na mtu mwingine hakuwemo. Bi Mize akagawa vitu vyake. Akasema, "Kitanda, Makame. Vya jikoni vyote, Kazija." Akapumzika. Kisha akanyoosha kidole kuelekea jikoni, akasema, "Isipokuwa mbuzi..." Akakohoa, kho, kho, kho! Akamaliza, "...mpeni Makame." Na roho ikatoka.

Makame siku ile hakuuliza mbuzi gani. Alimfungua mnyama, akampeleka kwake, na mwezi haukwisha akamchinja kwenye harusi yake. Ile nyingine, ya nazi, hakuna aliyeiulizia, na Kazija akaikalia miaka ishirini na miwili.

"Nilikosea," Makame akamwambia Liwali. "Bibi alikusudia hiyo, mimi nikamchukua mnyama. Ujinga wa ujana."

Kazija akamgeukia. "Kwa hiyo yule uliyemla harusini alikuwa wangu?"

"Sasa unataka nimtapike?"

Liwali akainua mkono, kicheko kikakatika. Alikuwa mtu wa sarufi, huyu Liwali. "Jambo hili ni jepesi," akasema. "Mnyama ni mbuzi wangu. Ya nazi ni mbuzi yangu. Kazija, wewe ndiye uliyempakata marehemu. Alisema mbuzi wangu, au alisema mbuzi yangu?"

Kazija alijua kwamba neno moja tu, wangu, lingempa nyumba. Makame alikaa miguuni, mvua ilikuwa inapiga makuti, hakusikia vizuri, angeapa nini? Neno likamjia mpaka ulimini. Akaliona komeo. Akamwona na bibi yake. Akasema, "Bwana Liwali, alisema mbuzi. Kisha akakohoa. Wangu au yangu, aliondoka nalo. Katikati ni kikohozi."

"Kikohozi?"

"Kikohozi, Bwana. Kho, kho, kho."

Liwali akakuna ndevu. Sarufi haina kanuni ya kikohozi.

Makame akapata nguvu. "Bwana Liwali, mimi ndiye niliyetajwa. Jina langu halikukoholewa! Na tena, mwaka ule kuni zilipoadimika, mke wangu alishika shoka aipasue hiyo mbuzi akokee moto. Nani alimnyang'anya shoka? Ni mimi! Leo ingekuwa majivu."

"Ulimnyang'anya kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima," mkewe akapaza sauti kutoka upande wa wanawake.

"Sababu ni yangu. Shoka halikushuka. Na huyu dada yangu, tangu alipofiwa, amekaa kwa nani? Nimemwambia siku gani toka? Paa linavuja, sawa, na langu linavuja vilevile!" Hilo lilikuwa kweli, na watu walilijua.

Kazija akasema, "Mimi sina maneno mengi. Bibi alikaa hapo, mimi nimekaa hapo. Maalim amesema mwenyewe nusu ya kitu hiki ni mng'aro. Mng'aro huo haukutajwa kwenye wasia wowote, kaka, kwa sababu ulikuwa haujaisha. Nimeumalizia mimi, kila alfajiri, kwa mwili wangu. Na nimeileta hapa kwa kichwa changu mwenyewe. Wewe ulileta upanga."

"Umeileta kuikalia!" akasema Makame. "Hukuileta ithaminiwe. Na aliyekuita hapa ni nani?"

Watu wakadhani yameishia hapo. Kumbe Maalim Shekue hajarudisha ile mbuzi chini. Alikuwa ameikumbatia.

"Na mimi nina neno," akasema taratibu. "Asubuhi hii kitu hiki kilikuwa nini? Mama huyu angenipa kwa kubadilishana na mbuzi mpya ya sokoni, na angeniombea dua juu yake. Kaka yake angenisaidia kuibeba mpaka nilipofikia. Ningenyamaza tu, ingekuwa yangu. Sikunyamaza. Mmoja alimla wa kwake akaisahau hii. Mmoja aliikalia miaka ishirini na miwili asiijue. Aliyeiona ni mimi, kwa jicho moja. Miaka thelathini nawaambia watu walicho nacho majumbani mwao, kisha nakwenda kulala kwenye kibaraza cha msikiti. Hata mimi, jamaa, nimechoka kubisha hodi kwenye milango ya wenzangu."

Akasema hivyo, na hakuna aliyemcheka.

Liwali akatazama mbuzi, akawatazama watatu, akautazama ufunguo wa nyumba kwenye kiganja chake. Mji ukagawanyika. Wanaume wengi walisema jina ni jina, aliyetajwa ametajwa. Wanawake walisema waliotajwa wengi wao hawajawahi kukuna hata nazi moja. Mafundi walisema bila jicho hakuna kitu. Mama mkwe wa watu, kutoka kitandani kwake, alisema wampe yeye nyumba wakome kelele. Mzee Faki mpiga mbiu akaulizwa Liwali alitamka nini hasa, mwenye kitu au mleta kitu, na Mzee Faki akajibu kwamba yeye alitangaza samani tu, mengine hayamhusu. Adhana ya alasiri ikawakuta palepale.

Na mimi nimewaachia palepale. Nyinyi mmekaa vizuri kwenye mikeka yenu, mmenyoosha miguu, mna nafasi ya kufikiri. Lakini msichelewe sana. Mbuzi iko kifuani kwa Maalim, Makame ameishika mguu mmoja, Liwali ameishika kichwa, na Kazija bado amesimama na nusu ya nazi yake mkononi, hana pa kukaa. Mwenye jina kwenye wasia, mwenye mng'aro, na mwenye jicho: kwa komeo lile la shaba, je, nani alistahili?