Kofia ya Mkwanda

Sogeeni karibu. Habari hii husemwa polepole.

Katika kijiji kimoja cha Wayao walikuwapo vijana watatu. Halfani alikuwa na mikono ya kuchimba. Chitete, njia akiipita mara moja hakuisahau. Ligunda alikuwa na miguu isiyochoka. Rafiki yao Mkwanda alikuwa mtoto pekee wa Bi Asiyatu.

Wazungu wakapigana wao kwa wao, na serikali ya Wajerumani ikadai kijiji kitoe wapagazi watatu. Bi Asiyatu aliporudi kisimani alikuta mwanawe keshachukuliwa, kafungwa kamba shingoni pamoja na Halfani na Chitete. Hawakuagana.

Halfani na Chitete walirudi. Mkwanda hakurudi. Mama akavaa kaniki ya msiba, na hakuivua. Kwao, matanga hayaanuliwi mpaka udongo wa kaburi ufike nyumbani, na mtu mmoja avishwe kofia ya marehemu, arithi jina lake, awe mtoto wa nyumba ile.

Mwaka wa tatu udongo ukafika. Hitima ikasomwa. Bi Asiyatu akaketi mkekani na kofia mkononi, na vijana watatu mbele yake.

Halfani alieleza kwamba Mkwanda alianguka njiani kwa kuhara damu, na amri ilikuwa aliyeanguka aachwe. Yeye alitua mzigo, akamchimbia kwa vidole, akamlaza kuelekea kibla. Kwa hilo askari walimchapa viboko ishirini na tano, na mgongo wake haukunyooka tena.

Chitete alisema kaburi lile halikuwa na alama. Alihesabu vijito kutoka pale hadi nyumbani, kumi na tisa, akavirudia kila baada ya sala. Homa ilimla macho, vijito havikumtoka.

“Ungemtegemea Halfani, mama, ungengoja sana. Huyu hupotea hata nyuma ya nyumba yake.”

Bi Asiyatu akatabasamu kidogo, akachoka tena.

Ligunda ndiye aliyevifuata vile vijito, peke yake, siku ishirini kwenda na ishirini kurudi, katikati ya njaa, akauleta ule udongo. Zamu yake ilipofika, alisema:

“Mama, jumbe wa kijiji alinitaja mimi. Nilisikia, nikakimbia. Walimchukua Mkwanda kujaza nafasi yangu.”



“Ungeweza kunyamaza,” mama akamwambia.

“Nimenyamaza miaka mitatu.”

Bi Asiyatu akautazama mgongo uliopinda, macho yaliyozimika, na miguu iliyopasuka. Miguu ile ndiyo iliyompotezea mwanawe, na ndiyo iliyomrudishia. Akaomba dua kwa sauti ya chini. Bila jina kurithiwa, kaniki isingevuliwa, na alikuwa amechoka kuivaa.

“Mola alinipa mmoja tu,” akasema.

Vichwa vitatu vikainama mbele yake. Kofia ni moja.

Nawe uliyesikiliza, kama mkono ule ungekuwa wako, ungeiweka kwenye kichwa gani?