Injini ya Sultani na Upepo wa Mwakani

“Kaza!”

“Sikazi, Maulana.”

“Nasema kaza, ewe punguani! Hewa ibanwe mara kumi na mbili!”

“Mara tisa, Maulana. Ikizidi hapo, turbo yako itaipasua injini.”

Hapo zamani za masultani wenye magari, ndivyo walivyokuwa wakibishana Sultani Mwinyimvua wa Kilangawani na Machano, fundi fukara ambaye mji mzima ulimwita mwehu. Sultani alikuwa akiundiwa injini mpya, ili gari lake lipande kilima cha kwa wakweze bila kusukumwa na askari. Basi Machano akamweleza kwamba pistoni huibana hewa ndani ya silinda, na ikibanwa sana gari hupata nguvu. Lakini Sultani alikwisha kuagiza turbo, kipulizo cha kushindilia hewa zaidi, nacho kingefika mwakani. Hewa hiyo ikiongezwa juu ya iliyobanwa mno, moto hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga hata ikapasuka.

“Kwa hiyo mwaka huu nipande kilima kwa kukohoa?”

“Utakohoa kidogo, Maulana. Mwakani utaruka.”

“Sikohoi mbele ya mama mkwe! Nataka injini ijae pomoni leo, na mwakani ipokee turbo. Kilichojaa kikisukumwa hupokea tu! Kesho adhuhuri unipe jawabu la yote mawili, ama uhame mji huu, wewe na mkeo na kuku wenu.”

Machano akainama. “Sikio halipiti kichwa. Kilichojaa kikisukumwa hupokea. Nitalifuata neno la Bwana wangu kama lilivyo.”

Ikawa siku ya pili, Sultani alipokwenda kuoga, Machano akaingia katika chumba cha kulia cha Sultani, chumba kidogo kinachotosha watu tisa wakikaa kwa adabu, akakaribisha watu hata wakatimia kumi na wawili pamoja naye. Akamtia kadhi na tumbo lake, akamtia waziri, akamtia mpiga zumari na zumari lake, akatia na shangazi zake Sultani, wanawake wa miili. Wakabanana hata kadhi na waziri wakawa wanapumua kwa zamu. Na katikati yao sinia la pilau likifuka moshi.

Sultani akaja mbio, njaa imemshika. Akausukuma mlango, ukafunguka shubiri moja ukakwama.

“Nani humo ndani?”

“Tumejaa pomoni, Maulana!” akajibu Machano, uso wake umegandamana na ukuta. “Nawe ndiwe turbo, umewasili. Sukuma tu, kilichojaa hupokea!”

Sultani akatia bega. Zumari likalia lenyewe.

“Mbavu zangu, we mtoto!” akapiga ukelele shangazi mkubwa.

Sultani akatia bega tena kwa nguvu zake zote. Kadhi akachomoza dirishani nusu mwili, kilemba chake kikaenda zake bustanini, na fremu ya mlango ikaalika ta! ikapasuka kutoka juu hata chini.

Sultani akautazama ule ufa. Akaikumbuka injini yake. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka hata akaketi kizingitini, machozi yakimchuruzika ndevuni, akapaza sauti kupitia mlango uliokwama:

“Iwe tisa, Machano, iwe tisa! Wewe hubanduki mji huu! Ila watatu wenu watoke upesi, pilau inapoa!”