Kiboko na Shule Isiyofungwa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na ofisi nyingi kuliko mapango, Kiboko alikuwa Afisa Elimu. Siku moja akaupiga muhuri waraka, pa! "Kuanzia leo shule hazifungwi mwaka mzima. Likizo ni uvivu. Atakayevunja waraka huu, hata awe nani, atafukuzwa."

Nguchiro, mama wa watoto sita, aliusoma mlangoni pa shule, manyoya yakamsimama. Likizo ya mvua za kwanza ndiyo ya kumbikumbi! Huruka siku tatu tu, na watoto ndio huwakusanya, chakula cha nyumba nzima mpaka msimu mwingine.

Mbio mpaka ofisini. "Hodi!"

Kiboko alikuwa ameloweka miguu kwenye karai. "Sema upesi, mama, nina kikao."

"Mzee, shule tunaipenda. Ila kumbikumbi wakiruka watoto wamefungiwa darasani, tutakula nini?"

"Mtakula elimu!" Kiboko akacheka, kwe kwe kwe, hadi karai likamwagika.

Hasira zilimpanda Nguchiro mpaka puani. Watoto sita wale chaki! Lakini akazimeza, akatabasamu.

"Hayo ndiyo maneno ya msomi. Basi ongeza mstari mmoja, mzee: kila siku shule ikiwa wazi, Afisa Elimu akae darasani, kiti cha mbele, watoto wamwige."

Kiboko alivimba kwa sifa. Pa!

Kiangazi kikaingia. Kila mwaka wakati huo Kiboko huwa mtoni, maji mpaka masikioni, akisema ni "ziara ya kikazi". Sasa yuko chini ya bati, ngozi inapasuka, ta! ta! Siku ya nne akanyata kuelekea mlangoni.

Nguchiro huyo, waraka mkononi. "Wapi, mzee? Likizo ni uvivu."

"Mama wee, nakauka! Nitaoga nini?"

"Oga elimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Kiboko akanguruma, "Karani! Muhuri!" Waraka mpya ukatoka palepale: "Baada ya utafiti wa kina, imebainika kuwa likizo ni muhimu." Wino haujakauka, chubwi! keshatumbukia mtoni.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kumbikumbi wakapaa, fuuu, na watoto sita wakatoka mbio na nyungo zao.

Hadithi yangu naiacha hapo kwenye ungo, na funzo lake ni hili: anayeamuru wengine wakae juani, kwanza akae yeye.